Kompyuta Inapokosea Mahali Ulipo

Mwenzetu mmoja alihama kutoka Dodoma kwenda Songea. Alihama na vitu vyake vyote: vitanda, vyombo, kompyuta mpakato na ruta ya intaneti. Usiku mmoja mtoto aliugua, akatafuta kwenye mtandao duka la dawa lililo karibu. Kompyuta ilimwonyesha maduka ya Dodoma. Aliwasha upya mara tatu, jibu likawa lilelile.

Mwanzoni tulidhani kompyuta imeingiwa na virusi. Haikuwa hivyo. Kosa la aina hii ni la kawaida, na mara nyingi unaweza kulirekebisha mwenyewe ukielewa linatoka wapi.

Kompyuta inajuaje ilipo?

Simu nyingi za kisasa zina kipokezi cha GPS. Hiki husikiliza setilaiti zisizopungua nne na kukadiria mahali simu ilipo. Ukiwa mahali pa wazi, simu hukosea kwa mita chache tu. Kompyuta mpakato nyingi hazina kipokezi hicho. Zinakisia kwa njia mbili:

• Waifai iliyo karibu. Kila ruta hutangaza namba yake ya utambulisho. Simu za watu wanaopita huisikia namba hiyo na kuipeleka, pamoja na mahali iliposikika, kwenye orodha kubwa za kampuni kama Google, Apple na Microsoft. Kompyuta yako ikisikia namba hiyo, huuliza orodha: "Ruta hii iko wapi?"

• Anwani ya IP. Hii ni namba ambayo kampuni ya intaneti hukupa unapounganishwa. Zipo orodha zinazokisia kila namba inatumika wapi. Mara nyingi hupatia nchi, lakini mji hukosewa. Mtu aliye kijijini anaweza kuonekana yuko Dar es Salaam kwa sababu tu mitambo ya kampuni yake iko huko.

Sasa tukaelewa. Ruta ilikuwa imefika Songea, lakini kwenye orodha ilikuwa bado inaishi Dodoma.

Hatua za kurekebisha

1. Zima VPN kama unaitumia. VPN hupitisha mawasiliano yako kwenye kompyuta nyingine, labda iliyoko Ulaya, hivyo tovuti hudhani uko huko.

2. Ruhusu huduma ya mahali. Kwenye Windows 11, fungua Mipangilio, ingia Faragha na usalama, kisha Mahali. Hakikisha huduma imewashwa na kivinjari chako kimeruhusiwa. Kivinjari nacho kina ruhusa kwa kila tovuti. Bonyeza alama iliyo kando ya anwani ya tovuti uione.

3. Washa waifai ya kompyuta, hata kama unatumia waya. Isiposikia waifai yoyote itabaki na anwani ya IP peke yake.

4. Pima ruta. Izime kwa dakika chache na utumie intaneti ya simu. Kompyuta ikiacha kutaja mji wa zamani, umempata mkosaji.

5. Isaidie orodha kujisahihisha. Weka simu yenye GPS karibu na ruta, huduma ya mahali ikiwa imewashwa, na ufungue ramani mara kwa mara. Uwe na subira, kwa maana orodha haibadiliki siku moja. Ukipenda ruta yako isiwemo kabisa, badilisha jina la waifai liishie na _optout_nomap. Sehemu ya kwanza ni ya Microsoft, ya pili ni ya Google na Apple.

6. Rekebisha saa kwa mkono. Kama kosa limeharibu na saa pia, zima upangaji wa saa wa kujiendesha na uchague saa za Nairobi (UTC+03:00), ambazo hutumika Dodoma na Songea pia.

Mwenzetu alifuata hatua ya tano, na baada ya wiki chache kompyuta yake ikahamia Songea.

Kosa linaloumiza watu

Kwake hasara ilikuwa usumbufu. Wengine wameumia zaidi. Nchini Marekani, kampuni ya MaxMind hutengeneza orodha ya anwani za IP. Ilipojua tu kwamba anwani iko Marekani, bila kujua mji, iliweka alama karibu na katikati ya nchi. Alama hiyo iliangukia shamba moja karibu na Potwin, Kansas. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Kashmir Hill alieleza kwamba anwani zaidi ya milioni 600 zilielekezwa hapo. Kwa miaka mingi wakazi wa shamba walifikiwa na polisi na watu wenye hasira waliotafuta matapeli na wezi. Hawakuwa wamemkosea mtu yeyote. Kampuni ilihamishia alama hiyo ziwani.

Mwaka 2019 mwandishi huyohuyo alieleza habari kama hiyo ya nyumba moja Pretoria, Afrika Kusini. Watu na polisi walifika hapo wakitafuta simu na kompyuta zilizoibwa, kwa sababu alama inayowakilisha mji mzima ilikuwa imewekwa kwenye ua wa nyumba hiyo.

Tufikirie mitaa yetu. Tunajua kinachoweza kumpata mtu akiitiwa mwizi kabla polisi hawajafika. Kompyuta yako ikiibwa na ramani ikaonyesha nyumba ya jirani, alama hiyo ni makisio, si shahidi. Angalia kama ina duara kuizunguka: duara likiwa kubwa, kompyuta inaweza kuwa popote ndani yake, au hata nje yake. Peleka taarifa polisi, na usitaje jina la mtu kwa sababu ya ramani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

• Je, kompyuta zenu zinaonyesha mahali sahihi? Zijaribuni pamoja.

• Ni nani katika mtaa wenu angeumia kwanza kama ramani ingekosea?

• Mtafanya nini siku mtakaposikia, "Ramani inaonyesha yuko kwa fulani"?