Fastjet waliuzaje tiketi ya 32,000? Soma kabla hujashusha bei

Swali linalojaa inboksi ni hili: "Mwenzangu kashusha bei, na mimi nishushe?" Leo nalijibu kwa kutumia ndege.

Fastjet walianza kuruka Tanzania Novemba 2012, kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro. Tiketi za bei ya chini kabisa zilianzia 32,000 kabla ya kodi. Dar mpaka Mwanza! Watu waliozoea kukaa kwenye basi kutwa nzima na zaidi wakapanda ndege kwa mara ya kwanza.

Ila hiyo 32,000 haikuwa bei ya kila mtu. Aliyelipa mapema ndiye aliyeipata, wa dakika za mwisho alilipa kubwa. Begi la kupakia lililipiwa pembeni. Na ndege zilikuwa za aina moja, Airbus A319 yenye viti 156, kwa hiyo rubani na fundi hawakuhitaji kujifunza ndege tofauti tofauti.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoiga vibaya. Ndege ikiruka na watu 60 au 150, mafuta hayatofautiani sana, na marubani ni walewale. Kila abiria anayeongezeka ni karibu faida tupu. Ndiyo maana wanaweza kuuza rahisi, mradi viti vijae.

Wewe je? Gauni umenunua Kariakoo 11,000, unauza 15,000 "delivery bure", boda anachukua 3,000. Imebaki 1,000, na bando hujatoa. Ukipata oda kumi, boda kumi. Wingi haukuokoi, kwa sababu kila oda inakuja na gharama yake. Labda ujaze "ndege" yako: Jumanne mizigo ya Mbagala tu, Ijumaa ya Tegeta tu, boda mmoja anazungusha sita kwa safari moja. Anayetaka leo leo alipie usafiri wake. Hapo punguza bei, sikukatazi.

Na viti visipojaa? Fastjet yaliwakuta. Kampuni mama iliandika hasara miaka mingi, na 2016 wakaanza kuachana na zile Airbus, wakaleta Embraer ndogo zaidi. Desemba 2018 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ikawasimamisha, madeni yakiwa moja ya sababu, na ikataka abiria waliokwisha kulipa warudishiwe hela zao. Fikiria mtu kakata tiketi ya kwenda nyumbani sikukuu.

Hilo la kulipwa mapema ndilo linalonitisha zaidi kwa sisi wa oda za China. Mteja katuma 40,000 leo, mzigo unafika baada ya wiki kadhaa. Ile hela iko kwenye simu yako lakini bado ni ya mteja. Ukiitumia kulipia mzigo wa wateja wa mwezi uliopita, siku oda zikipungua unakwama, na picha yako inasambaa kwenye magrupu kama tapeli.

Mimi hela za oda naziweka kwenye laini ya pili, haina hata bando. Ikishalipia mzigo wa mteja husika na mteja akathibitisha kupokea, kilichobaki ndiyo nahamishia laini ya matumizi.