Joto Ndani, Chakula Mezani: Kupunguza Gharama za Umeme na Chakula Majira ya Baridi Sydney

Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya zinazozungumza Kiswahili

Baridi ya Sydney imo ndani ya nyumba

Mtu aliyetoka Mombasa, Mwanza, Goma au Bujumbura akiambiwa Sydney haina theluji, hudhani baridi yake ni ya kuvumilia tu. Ikifika Julai, usiku wa katikati ya jiji hushuka hadi kama nyuzi 8 za Selsiasi. Huko Penrith ni karibu nyuzi 5, na asubuhi nyingine nyasi hukutwa zimeshika jalidi.

Shida kubwa, hata hivyo, si hewa ya nje. Nyumba nyingi za kupanga zilijengwa kabla ya 2004, mwaka ambao jimbo la New South Wales lilianza kuzitaka nyumba mpya zifuate masharti ya BASIX ya kubana matumizi ya nishati na maji. Nyumba hizo za zamani zina vioo vya tabaka moja, dari zisizo na kizuizi cha joto na milango yenye uwazi chini. Unawasha hita, joto linatoka, bili inabaki.

Madhara yake yanaonekana hospitalini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa karibu asilimia 6.5 ya vifo nchini Australia vinahusiana na baridi, wakati Sweden, nchi ya theluji, ni chini ya asilimia 4. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2018 kwamba joto la ndani lisipungue nyuzi 18. Chini ya hapo shinikizo la damu hupanda, pumu huamka, na wazee, wagonjwa na watoto wachanga ndio huumia kwanza.

Kwa hiyo kuacha kupasha nyumba joto kabisa ili kuokoa fedha si akiba. Kijitabu hiki kinafuata kanuni moja: pasha joto watu na chumba kimoja, si nyumba nzima, na usibane matumizi kwa njia inayohatarisha mwili.

1. Kabla ya kuwasha hita

*Tumia jua la kaskazini.* Afrika Mashariki jua la mchana hupita karibu na utosi. Sydney, mwezi Juni na Julai, hupita chini upande wa kaskazini. Tafuta madirisha yanayotazama kaskazini na uyafungue mapazia yake asubuhi ili jua liingie. Ikifika saa kumi alasiri yafunge, maana mwezi Juni jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

*Ziba nyufa.* Kunja blanketi kuukuu au vitenge vilivyochakaa uviweke chini ya mlango. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza utepe wa sponji wa kubandika kwenye fremu za madirisha. Lakini ukitumia hita ya gesi, usizibe matundu ya hewa ya ukutani. Yapo kwa ajili ya uhai wako.

*Chagueni chumba kimoja.* Chakula, kazi za shule na mazungumzo ya jioni yafanyike humo, milango mingine ikiwa imefungwa. Tandika mkeka au zulia kwenye sakafu ya vigae.

*Vaa tabaka kadhaa.* Fulana ya ndani, sweta na soksi hushika joto kuliko koti moja zito. Mtoto mchanga asivishwe kofia wala kufunikwa kupita kiasi akilala, na kitandani mwake pasiwekwe blanketi la umeme wala chupa ya maji ya moto.

2. Hesabu ya hita

Bili hutozwa kwa yuniti. Kifaa cha kilowati 1 kikiwaka saa moja hula yuniti moja. Tazama kibandiko cha kifaa chako, zidisha kilowati kwa saa, kisha kwa bei ya yuniti iliyo kwenye bili yako. Mfano huu unachukua bei ya senti 35 kwa yuniti, saa 5 kila usiku, kwa siku 30:

- Hita ya kawaida ya umeme, kilowati 2.4: yuniti 12 kwa usiku, dola 126 kwa mwezi.
- Kiyoyozi cha ukutani chenye upande wa joto, kikitumia kilowati 0.8: yuniti 4 kwa usiku, dola 42 kwa mwezi.
- Blanketi la umeme, wati 100: nusu yuniti kwa usiku, karibu dola 5.25 kwa mwezi.

Wengi hukiogopa kiyoyozi kwa sababu ni kikubwa, wakakiacha na kununua hita ndogo ya bei rahisi. Hita ndogo hugeuza yuniti moja ya umeme kuwa yuniti moja ya joto, basi. Kiyoyozi huvuta joto lililomo katika hewa ya nje, hata ikiwa baridi, na kulisukuma ndani. Kwa yuniti moja ya umeme hukupa joto la yuniti tatu au zaidi. Kama nyumba yako inacho, kitumie. Kiweke kati ya nyuzi 18 na 20, kwani kila nyuzi unayoongeza inaweza kupandisha matumizi yake kwa hadi asilimia 10. Osha chujio zake kabla ya majira kuanza.

*Maji ya moto* huchukua karibu robo ya nishati ya nyumba. Fupisha muda wa kuoga na ufue nguo kwa maji baridi, mashine ikiwa imejaa. Mpangaji ajue jambo hili: sheria ya New South Wales humruhusu mwenye nyumba kumtoza mpangaji matumizi ya maji pale tu ambapo nyumba ina mita yake na vifaa vya kubana maji, ikiwemo bomba la mvua lisilozidi lita 9 kwa dakika. Kama lako linamwaga kupita hapo, mwandikie wakala wa nyumba.

*Saa za bei ya juu.* Ikiwa bili yako ina bei zaidi ya moja, saa za alasiri na jioni ndizo huwa ghali. Soma saa zenyewe kwenye bili, kisha mashine ya kufulia na pasi zisubiri.

3. Moto, moshi na ukungu

*Jiko la mkaa lisiingie ndani, hata mara moja.* Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kule nyumbani jiko liliwekwa uani, barazani au katika chumba cha kupikia chenye upenyo wa hewa. Nyumba ya Sydney iliyofungwa madirisha hugeuka mtego: kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi usioamka. Hii inahusu pia majiko ya kuchomea nyama na majiko ya gesi ya kambini. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Hita ya gesi ikaguliwe na fundi mwenye leseni kila baada ya miaka miwili.

*Mita moja kutoka kwenye hita.* Hivyo ndivyo kikosi cha zimamoto, Fire and Rescue NSW, kinavyosisitiza: nguo, mapazia, godoro na makochi vikae umbali huo. Hita ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuongezea, na izimwe kabla ya kulala.

*King'ora cha moshi* ni lazima kisheria katika kila nyumba ya jimbo hili tangu 2006. Kibonyeze kila mwezi usikie mlio wake. Kikosi cha zimamoto hufika nyumbani bila malipo kukagua usalama ukiomba.

*Chupa ya mpira ya maji ya moto* ijazwe maji ya bombani yenye moto, si yanayochemka, na iondolewe kitandani kabla ya kulala. Mpira ukianza kupasuka, itupe.

*Ukungu mweusi ukutani* huchochea pumu na kikohozi. Anika nguo nje au mahali penye upepo, washa feni ya bafuni, funika sufuria, na fungua madirisha kwa dakika chache mchana jua likiwaka. Ikiwa ukungu unatokana na paa linalovuja au bomba bovu, ni wajibu wa mwenye nyumba kutengeneza. Piga picha, andika barua pepe kwa wakala na utunze nakala.

4. Jikoni

*Nunua kwa bei ya kipimo.* Maduka makubwa ya Australia hulazimika kuonyesha, kwa maandishi madogo chini ya bei, gharama ya kila gramu 100, kilo au lita. Linganisha namba hiyo. Mara nyingi mfuko mkubwa wa mchele au unga ni nafuu, ila si kila mara.

*Kula cha msimu.* Majira ya baridi ni wakati wa kabichi, karoti, boga, koliflawa, sukuma wiki, machungwa na chenza. Mboga ya majani iitwayo silverbeet hushika vizuri nafasi ya mchicha. Mboga zilizogandishwa zina virutubisho kama mbichi na haziozi zikisahauliwa kwenye friza. Soko la Paddy's huko Flemington, jirani na Auburn, hufunguliwa mwisho wa juma. Wauzaji wengi hushusha bei linapokaribia kufungwa. Familia mbili tatu zikinunua sanduku zima na kugawana, kila moja hupata nafuu.

*Rudi kwenye maharage.* Maharage makavu, dengu, choroko na kunde vina protini na madini ya chuma kwa bei ndogo kuliko nyama. Kilo moja kavu ikiiva huzidi kilo mbili. Loweka usiku, mwaga maji, pika mengi kwa mara moja katika sufuria ya presha, kisha gandisha kwa mafungu ya mlo mmoja mmoja. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika 10 au zaidi. Chungu cha umeme cha kupikia taratibu peke yake hakiondoi sumu yake ya asili, na mtu huweza kutapika sana. Ukitaka kitoweo, dagaa au samaki wa kopo hugharimu kidogo.

*Linda kiporo.* Chakula kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, katika vyombo vifupi ili kipoe haraka. Wali uangaliwe zaidi: vijidudu vyake huvumilia kuchemshwa, na sumu vinayoitoa haiondoki ukiupasha tena. Jiko la Sydney hata likiwa na baridi halina ubaridi wa friji. Wali uliolala mezani utupwe. Friji iwe chini ya nyuzi 5, na kiporo kipashwe hadi kitoe mvuke mwingi.

*Soma lebo mbili tofauti.* Chakula kilichoandikwa "Use By" kisiliwe baada ya tarehe hiyo. Kilichoandikwa "Best Before" huweza kuliwa hata tarehe ikipita, ikiwa hakijaharibika. Maduka hukiuza kwa punguzo.

*Chakula cha msaada.* OzHarvest, lililoanzishwa Sydney mwaka 2004, na Foodbank hukusanya chakula kizuri ambacho kingetupwa na kukifikisha kwa makanisa, vituo vya jamii na mashirika ya misaada. Ulizia kituo cha mtaani kwako. Kuchukua humo mwezi ambao kodi imekubana hakumwondolei mtu heshima.

5. Bili ikizidi uwezo

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kwa bili ya umeme, dawa ya kwanza ni kusema mapema. Mpigie muuzaji wako wa umeme kabla ya tarehe ya mwisho, umwambie kuwa huwezi kulipa yote. Sheria inamtaka awe na mpango wa wateja wenye shida, akuruhusu kulipa kidogo kidogo, na asikukatie wakati unafuata makubaliano.

Kisha omba haki zako:

- Low Income Household Rebate: dola 285 kwa mwaka kwa wenye kadi kama Health Care Card au Pensioner Concession Card. Jina kwenye bili liwe la mwenye kadi.
- Gas Rebate: dola 110 kwa mwaka kwa kaya za kipato cha chini zinazotumia gesi.
- Family Energy Rebate: hadi dola 180 kwa familia zinazopata Family Tax Benefit. Huombwa upya kila mwaka kupitia Service NSW.
- EAPA: msaada wa dharura wa kulipia bili ya umeme au gesi. Omba kabla hujakatiwa, kupitia Service NSW au mashirika kama St Vincent de Paul na Salvation Army.

Ukibadilisha muuzaji wa umeme au ukihama, hakikisha punguzo lako limehamia kwenye akaunti mpya. Ili kulinganisha wauzaji, tumia Energy Made Easy, tovuti ya serikali isiyouza chochote. Yeyote anayekuja mlangoni na mkataba wa umeme, usitie saini siku hiyo hiyo.

6. Bandika ukurasa huu kwenye friji

- Moto, sumu ya hewa, mtu kuzimia: 000
- Ushauri wa muuguzi, saa 24: Healthdirect, 1800 022 222
- Sumu au chakula kibaya: 13 11 26
- Punguzo na EAPA: Service NSW, 13 77 88
- Mgogoro na muuzaji wa umeme, bila malipo: EWON, 1800 246 545
- Haki za mpangaji: NSW Fair Trading, 13 32 20
- Mkalimani: TIS National, 131 450

Kama Kiingereza kinakupa shida, anza na namba ya mkalimani. Sema "Swahili", subiri, kisha mtajie ofisi unayotaka na namba yake. Atakuunganisha nayo na kubaki kwenye simu. Shika bili mkononi unapopiga, kwa kuwa swali la kwanza litakuwa namba ya akaunti.