Mwendo wa Dafnia na Hesabu ya Njia Zipindazo

Ndugu msomaji, ukiulizwa urefu wa njia aliyoipita mnyama, huenda ukadhani kwamba jibu lake ni moja tu, na kwamba anayelitaka hahitaji ila rula na subira. Somo hili litaonyesha kuwa sivyo. Tena litaonyesha jinsi jambo hili linavyowasaidia wataalamu kutambua maji yaliyoharibika, kabla viumbe waishio ndani yake hawajafa.

1. Mpaka mmoja, urefu wa namna mbili

Lewis Fry Richardson, mtaalamu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1953, aliona kuwa Hispania ilitaja mpaka wake na Ureno kuwa kilometa 987, hali Ureno ilitaja mpaka huo huo kuwa kilometa 1,214. Je, mmoja wao alisema uongo? La, si lazima. Apimaye kwa hatua fupi huingia katika kila kona, na apimaye kwa hatua ndefu huziruka. Mwaka 1967 Benoit Mandelbrot aliliendeleza jambo hili kwa kuuliza urefu wa pwani ya Uingereza. Kisha mwaka 1975 aliyapa maumbo ya namna hii jina la fraktali, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuvunjika.

2. Mnyama mwenyewe

Dafnia ni mnyama wa jamii ya kamba na kaa, mwenye urefu wa milimita chache tu, aishiye katika maziwa na madimbwi ya maji yasiyo na chumvi. Huogelea kwa kupiga vipapasio vyake viwili vikubwa, akiruka na kushuka, akiruka na kushuka. Kamera ikimpiga picha mara moja kila sekunde, njia yake huonekana fupi. Ikimpiga mara kumi kila sekunde, njia huonekana ndefu zaidi na mnyama huonekana mwepesi zaidi, ingawa ni yule yule! Ni wazi basi kuwa urefu na kasi pekee havitoshi.

3. Namna ya kuhesabu

Chora njia ya mnyama juu ya karatasi yenye miraba, kisha hesabu miraba iliyoguswa na njia hiyo. Tuseme ni 20. Sasa punguza upande wa kila mraba uwe nusu, uhesabu tena. Kama njia imenyooka, utapata kama 40, yaani mara 2, na namba yake ya fraktali ni 1. Kama njia imepindapinda hata kuijaza sehemu yote, utapata 80, yaani mara 4, na namba yake ni 2. Ukipata 56, yaani mara 2.8, namba yake ni karibu 1.5. Lakini hesabu moja haitoshi. Yafaa kuirudia kwa miraba ya ukubwa mbalimbali.

4. Faida yake

Mnyama akaaye penye chakula kingi na kugeukageuka humo ana namba kubwa kuliko yule apitaye moja kwa moja. Ama kuhusu sumu, kipimo kitumikacho katika nchi nyingi huwaweka dafnia wenye umri usiofika saa 24 katika maji yanayochunguzwa, na baada ya saa 48 huhesabiwa walioshindwa kuogelea. Lakini sumu kidogo yaweza kuugeuza mwendo kabla ya kuukomesha. Mwenye kungoja mnyama asimame amechelewa. Mwenye kulinganisha njia yake na ya wenzake walio katika maji safi aweza kuonywa mapema.

5. Mambo mawili ya kuangalia

Kwanza, namba hii ina mipaka. Katika hatua fupi kuliko mwili wa mnyama njia haina kona, na katika hatua ndefu ukuta wa chombo humzuia. Pili, namba haitaji sababu. Njaa na mwanga navyo huubadilisha mwendo. Hivyo hali hizo ziwe sawa katika vyombo vyote.

Basi, msomaji mpendwa, yafaa ukumbuke: ukiambiwa urefu wa kitu kilichopindapinda, uliza kwanza umepimwa kwa hatua gani. Asiyeweza kujibu swali hilo hajakupa kipimo bado.