Breki za Umeme za Tela: Kwa Nini Balbu ya Kupimia Hudanganya

Mitaa ya Mchafukoge na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, haiko mbali na bandari. Upepo wa bahari unaopita humo hubeba unyevu na chembechembe za chumvi, nazo huingia katika kila kiungo cha waya kilichosokotwa na kuzungushiwa utepe tu. Shaba hugeuka rangi ya kijani, na mkondo wa umeme hupita kwa taabu. Katika redio ya gari hasara yake ni ndogo. Katika breki za tela yaweza kuwa maisha ya watu.

Tela kubwa za malori hutumia breki za upepo. Lakini baadhi ya tela nyepesi zinazovutwa na magari madogo hutumia breki za umeme. Ndani ya gurudumu lenye breki hiyo mna sumaku-umeme. Dereva akanyagapo breki, kidhibiti kilichomo garini hupeleka mkondo kwenye sumaku. Sumaku huvutwa na drumu inayozunguka, huburutwa nayo, na kusukuma wenzo unaotanua viatu vya breki. Mkondo ukipungua, mvuto wa sumaku hupungua pia, na tela huanza kulisukuma gari. Katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga, mkoani Iringa, breki za gari peke yake hulazimika kubeba uzito wote, nazo hupata joto na kulegea.

Kosa la kipimo

Mafundi wengi hupima waya wa breki kwa balbu ndogo. Balbu ikiwaka, waya husemwa kuwa ni mzima. Kanuni aliyoichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827 yaonyesha kwamba hukumu hiyo haitoshi: mkondo ni sawa na volti zikigawanywa kwa ukinzani.

Na ichukuliwe tela ya magurudumu manne, yote yenye breki, na betri ya volti 12. Kila sumaku ina ukinzani wa omu 3.2, hivyo hupitisha ampea 3.75. Sumaku nne zilizounganishwa sambamba zina ukinzani wa omu 0.8 na hupitisha ampea 15. Sasa, kiungo kimoja kwenye waya mkuu kimeliwa na chumvi, kikaongeza ukinzani wa omu 0.4. Jumla huwa omu 1.2, na mkondo hushuka hadi ampea 10. Kiungo kile hula volti 4, na sumaku hubakiwa na volti 8 tu. Tena kiungo hutoa joto la wati 40, linalozidi kukiharibu.

Fundi akitenga sumaku na kuweka balbu ya wati 3 mahali pake, mkondo utakuwa kama robo ya ampea tu. Kwa mkondo huo kiungo kibovu hula takriban sehemu moja ya kumi ya volti. Balbu huwaka vizuri, na kasoro hubaki imejificha. Kipima-volti nacho, kikitumiwa bila mzigo, huonyesha volti 12 kamili.

Namna ya kupima

Kwanza, magurudumu yazuiwe kwa vigingi, na kidhibiti kiwekwe kwenye nguvu yake yote. Kipima-ampea kiunganishwe kwa mfuatano na waya mkuu wa breki. Ampea 15 zikionekana, njia ni nzima. Zikiwa 11.25, pengo la 3.75 laashiria kwamba huenda sumaku moja haipati umeme. Zikiwa pungufu kwa kiasi kisicholingana na hesabu ya sumaku, huenda kuna kiungo kibovu katika njia ya wote. Zikizidi 15 kwa mbali, au fyuzi ikikatika, kuna waya uliochubuka na kugusa chuma, au sumaku iliyoungua.

Pili, sumaku zikiwa bado zinafanya kazi, volti zipimwe kati ya ncha mbili za kila kipande cha njia: betri hadi plagi, plagi hadi sumaku, na sumaku hadi betri kwa njia ya kurudi. Kipande kinachokula volti nyingi ndicho chenye kasoro. Njia ya kurudi isisahauliwe. Pale inapotegemea ndoano ya kuvutia yenye kutu na grisi, kasoro ni rahisi kutokea. Kila tela yastahili waya wake wa kurudi.

Kiungo kibovu kikatwe hadi shaba inayong'aa, kiungwe kwa risasi ya kulehemu, kisha kifunikwe unyevu usipenye.

Zoezi

Tela ya breki mbili, yenye sumaku za aina ileile na betri ya volti 12, inapitisha ampea 6 badala ya 7.5. Kiungo kibovu kina ukinzani gani, nacho kinakula volti ngapi?

Jibu: jumla ya ukinzani ni omu 2, sumaku mbili zina omu 1.6, kiungo kina omu 0.4, nacho hula volti 2.4. Ndicho kiungo kilekile kilichokula volti 4 katika tela ya kwanza. Kadiri sumaku zinavyokuwa nyingi, ndivyo kiungo kimoja kibovu kinavyozidi kuzinyima nguvu.