Mama anamtaka binti wa jirani, kaka anataka mtu mwenye cheti

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Voi. Mama yetu ana miaka 74 na anaishi juu Mgange, katika nyumba waliyoijenga na marehemu baba. Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto haina nguvu, ila akili yake ni timamu na anaongea vizuri. Sisi watoto wanne tunachanga kila mwezi kwa M-Pesa tumlipe msichana wa kumwangalia. Watatu wameshaondoka, wa mwisho kaenda Saudia. Sasa kaka yetu wa Nairobi amempata mwanamke mwenye cheti cha kutunza wagonjwa, na mama amemkataa. Anamtaka binti wa jirani aliyeishia darasa la nane. Tulipombishia akatuuliza, "Hizo pesa ni zangu au ni zenu?" Nimsikilize nani? Na je, niache kazi nikamtunze mwenyewe?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa kuuguza. Nianze na swali la mama, kwa sababu ndilo zito kuliko yote uliyoandika. Pesa hizo ni zake. Mnaozitoa ni nyinyi, lakini anayevuliwa nguo na kuogeshwa ni yeye, na ndiye atakayeshinda na mtu huyo kutwa nzima nyinyi mkiwa Voi, Nairobi na kwingineko. Maadamu akili ni timamu, uamuzi wa nani amguse mwilini ni wake. Kifungu cha 57 cha Katiba kinamhakikishia mzee maisha yenye heshima, pamoja na matunzo kutoka kwa jamaa zake na serikali. Familia nyingi hujitahidi kwa matunzo, kisha zikampokonya mzee kauli katika nyumba yake mwenyewe.

Kuna nchi zilizoliwekea jambo hili sheria. Uingereza iliruhusu mwaka 1996 mtu mwenye ulemavu apewe pesa mkononi aajiri msaidizi wake, na Scotland ikatunga sheria yake mwaka 2013 ili mhitaji ndiye achague asaidiwe vipi na nani. Huko nako wamekwama pale pale ulipokwama wewe: mtu ana pesa na ana haki ya kuchagua, lakini akiishi kijijini mbali hapati wa kumwajiri. Kwetu serikali haijafika hata hapo. Kilichopo ni Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Kama mama hajaandikishwa, mwone chifu wa lokesheni akueleze usajili unafanywaje, na pesa hizo zikianza kuingia mwachie mwenyewe aseme zifanye nini.

Sasa huyo binti. Cheti ni kitu kizuri na simdharau aliyekisomea, lakini tazama binti alichonacho tayari. Anaongea Kidawida na mama. Anazijua njia za mlimani, mahali ambapo kiti cha magurudumu hakipiti. Anajua mama hupenda kula nini, na mama hamwonei haya. Mambo hayo kozi haiyafundishi. Yale ambayo kozi inayafundisha, mengi anaweza kuonyeshwa. Mpelekeni pamoja na mama hospitali ya Wesu, au mshuke nao Moi hapa Voi, mmwombe mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe binti mwenyewe na si kumnyoosha mama tu: jinsi ya kumwinua bila kumvuta bega lililolegea na bila kujiumiza mgongo, na mazoezi ya kila siku ya mkono na mguu. Ajue kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili au hivi ikiwa mama hawezi kujigeuza, ili asipate vidonda vya kulalia. Ajue kumkalisha wima wakati wa kula, tonge dogo dogo, na akimwona anakohoa au kupaliwa mara kwa mara awaambie mara moja. Dawa za presha zisirukwe hata siku mama anapojisikia mzima. Uso ukipinda upande, mkono ukilegea ghafla au maneno yakivurugika, hiyo ni safari ya hospitali saa ile ile, si ya kesho asubuhi. Binti asichome sindano wala asibadilishe kipimo cha dawa. Hiyo ni kazi ya muuguzi.

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji mnamjua? Tangu Septemba 2023 wahudumu hawa wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Mwombeni apite kumpima mama. Lakini ana nyumba nyingi za kuzungukia, kwa hiyo msimgeuze awe yaya wa mama.

Hapa, dada, nitakuwa mkali kidogo. Wasichana watatu hawakuondoka kwa bahati mbaya. Hukuniambia walikuwa wakilipwa nini wala walipumzika lini, na naogopa ni kwa sababu siku ya kupumzika haikuwepo. Mtu mmoja kumtunza aliyepooza usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi, hata angekuwa bintiye wa kumzaa angekimbia. Sheria ya Ajira ya 2007 inamhusu pia anayefanya kazi nyumbani: angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na mkataba wa maandishi kazi ikifika miezi mitatu. Mkatieni pia bima ya afya ya SHA. Kisha tafuteni mtu wa pili tangu sasa, wa Jumapili na wa dharura, naye afundishwe siku ile ile na wa kwanza. Mkingoja wa kwanza aondoke ndipo mtafute, mtarudi mlipoanza.

Kosa hilo hilo kaunti nayo inalo, kwa kipimo kikubwa. Hapa Voi tuna chuo cha KMTC, vijana wanahitimu, kisha wengine wanakaa nyumbani bila kazi na wengine wanatafuta njia ya Uingereza au Ghuba, huku zahanati ikiwa na muuguzi mmoja na foleni hadi nje. Kanuni za fedha za 2015 zinaizuia kaunti kutumia zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara, basi kuajiri kunasimama ingawa wagonjwa hawapungui. Na kaunti yetu ni pana, zaidi ya nusu yake ni mbuga ya Tsavo, vijiji vimetawanyika kutoka Kasigau hadi Taveta. Hata hivyo kinachoniuma zaidi ni kwamba mipango ya watumishi wa afya inahesabu madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki, na haimhesabu kabisa huyo binti wa Mgange, wakati ndiye atakayemzuia mama asirudi wodini. Kikao cha maoni ya bajeti kikitangazwa, nenda. Wewe ni mwalimu, unajua kusimama mbele za watu. Ombeni mtaalamu wa fiziotherapia apande milimani kwa ratiba inayojulikana, na mafunzo mafupi kwa wanaotunza wagonjwa majumbani.

Kazi usiache. Mshahara wako ni sehemu ya mshahara wa binti, na ukishachoka huko juu hakuna wa kukupokea.

Itisheni kikao cha familia Mgange, si kwenye simu, na mama ndiye akiongoze. Aseme anataka aamke saa ngapi, nani amwogeshe, nini hataki kabisa. Nawe mweleze kwa upole jambo moja ambalo sitalikubali, nalo ni kulala peke yake usiku: lazima awepo mtu ndani ya nyumba, amchague yeye. Kaka yako asivunjwe moyo, kwa kuwa hofu yake ni ya haki. Yule mwanamke aliyempata aje wiki mbili kumfundisha binti, kama mama ataridhia, halafu hizo pesa alizotaka kumlipa kila mwezi zigharamie mtu wa pili, vishikio vya chuma chooni na njia ya saruji kutoka mlangoni hadi barabarani.