NGUVU YA MANUKATO: CHUPA KUBWA NA CHUPA NDOGO

Wanafunzi wengi, na hata baadhi ya wazazi wetu, wakiingia katika duka la manukato hutazama mambo mawili tu: ukubwa wa chupa na bei yake. Chupa kubwa yenye bei ndogo ndiyo inunuliwayo. Nimeona vyema niandike machache juu ya jambo hili, kwa sababu muhula huu katika Kemia tumejifunza habari za vitu viyeyukavyo ndani ya vingine, na manukato ya chupa ni mfano mzuri wa somo hilo. Tena siku ya kufunga shule imekaribia, nami najua wenzangu kadhaa wamekwisha weka akiba ili wawapelekee mama zao zawadi. Ni afadhali fedha hiyo inunue manukato kuliko kununua spiriti na maji.

Katika chupa ya kawaida mna vitu vitatu: mafuta yanukiayo, ambayo ndiyo manukato yenyewe, spiriti, na maji kidogo. Mafuta hayayeyuki katika maji matupu, lakini katika spiriti huyeyuka vizuri. Spiriti ina kazi ya pili pia. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 tu, kwa hiyo hata joto la mwili hutosha kuirusha hewani upesi, nayo huchukua harufu pamoja nayo. Ule ubaridi tuusikiao shingoni tukijinyunyizia ni spiriti inayoondoka na joto la ngozi yetu. Ikisha kwenda, hubaki mafuta. Basi swali la kuuliza dukani ni hili: katika chupa hii, mafuta ni kiasi gani?

Jibu limeandikwa mbele ya chupa, ila limeandikwa kwa Kifaransa, maana Ufaransa, na hasa mji wa Grasse, imekuwa na sifa ya kazi hii kwa muda mrefu. Neno “eau”, lisomwalo “o”, maana yake ni maji. Penye “parfum” au “extrait” peke yake, mafuta huwa sehemu 20 hadi 30 hivi katika 100, na harufu yaweza kukaa mchana kutwa. “Eau de parfum” huwa na sehemu 15 hadi 20. “Eau de toilette” huwa na sehemu 5 hadi 15, na baada ya saa tatu au nne mtu hutamani kujipaka tena. “Eau de cologne” huwa na sehemu 2 hadi 5 tu. Hiyo yachukua jina la mji wa Cologne, Ujerumani, ambako nyumba ya Farina ilianzishwa mwaka 1709, na Mwitalia Johann Maria Farina akayapatia sifa maji yake yenye harufu ya malimau na machungwa. Mipaka hii ni ya desturi, wala si sheria. Kila mtengenezaji ana kipimo chake. Hata hivyo mpangilio haubadiliki, na atakayeukariri hatapotea.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme dukani pana chupa mbili. Ya kwanza ni “eau de cologne” ya mililita 100, mafuta sehemu 4 katika 100, bei yake shilingi 20,000. Ya pili ni “eau de parfum” ya mililita 30, mafuta sehemu 18 katika 100, bei yake shilingi 27,000. Kila mtu atasema ya pili ni ghali mno. Lakini chupa kubwa ina mafuta mililita 4, na chupa ndogo ina mililita 5.4. Gawanya bei kwa mafuta: kila mililita ya mafuta imeuzwa shilingi 5,000 katika chupa zote mbili! Chupa ndogo haikuwa ghali hata kidogo, na ndiyo iliyo na manukato mengi zaidi. Tofauti ni kwamba mwenye chupa kubwa amepewa na spiriti nyingi juu yake.

Uko mtego mmoja ambao nimeona ukiwanasa watu wazima. Nyuma ya kasha, katika zile herufi ndogo za orodha ya vitu vilivyotiwa ndani, mara nyingi limeandikwa neno “parfum”. Mtu hulisoma akafurahi, akidhani amepata daraja la juu. La hasha. Hapo neno hilo maana yake ni “kitu cha kunukia” tu, na utaliona pia nyuma ya sabuni ya kuogea na losheni ya mikono. Daraja husomwa mbele ya chupa, karibu na jina.

Nisije nikaeleweka kwamba wingi wa mafuta ndio kila kitu. Mimi na wenzangu wawili tulifanya jaribio katika chumba cha maabara. Tulikata vipande vitatu vya karatasi nyeupe. Cha kwanza tukatia tone moja la mafuta tuliyokamua katika maganda ya machungwa, cha pili tone la mafuta ya karafuu, cha tatu tone la mafuta ya sandali tuliyopewa na mwenzetu ambaye mama yake huyauza. Yote matatu yalikuwa mafuta matupu, hayakutiwa spiriti. Chungwa lilinukia kuliko yote, maabara nzima ikajaa, na kabla kipindi cha pili hakijakwisha lilikuwa limekwenda zake. Karafuu tuliikuta asubuhi ya pili. Sandali ilikuwapo bado juma lililofuata, tena ikinukia vizuri zaidi kuliko siku ya kwanza.

Sababu ni kwamba molekuli za harufu ya chungwa ni nyepesi, nazo huruka upesi. Za sandali ni nzito, hukaa. Kwa hiyo fundi wa manukato huchanganya aina tatu: nyepesi za kumkaribisha mtu, za kati kama waridi na asumini, na nzito za chini kama sandali, udi na miski, ambazo hushikilia zile nyingine zisitoroke. “Eau de toilette” iliyojengwa juu ya sandali yaweza kudumu kuliko “eau de parfum” iliyojaa malimau. Kwa hiyo neno “nguvu” lina maana mbili, kufika mbali na kukaa sana, wala hizo mbili hazifuatani daima.

Watu wa pwani walikuwa na maarifa haya kabla ya chupa za Kifaransa kufika madukani kwetu. Bibi yangu huko Tanga hufunga kikuba cha asumini, mlangilangi na mrehani jioni, akijua kwamba kitanukia usiku ule na kesho kitatupwa. Akitaka nguo inukie siku nyingi haifungii kikuba. Huifukiza udi kwenye chetezo. Hilo ndilo jaribio letu la maabara, ila yeye hakuhitaji karatasi. Na marashi ya mawardi, yale anyunyiziwayo mgeni arusini kwa mrashi, ni maji yaliyokenekwa pamoja na maua, yenye mafuta chini ya sehemu 1 katika 100. Ndiyo maana hunyunyizwa bila kuhesabu. Mafuta ya waridi yenyewe hakuna awezaye kuyanyunyiza hivyo, kwa kuwa kilo moja huhitaji maua kilo 3,000 hadi 4,000 hivi.

Mlangilangi nao una daraja zake. Visiwa vya Komoro vinajulikana sana kwa mafuta hayo. Maua hukenekwa kwa mvuke saa nyingi, na mafuta hayachanganywi yote chombo kimoja. Yatokayo mwanzoni hutengwa, ndiyo yatakiwayo na mafundi wa manukato ya bei kubwa. Yatokayo mwishoni ni mazito na harufu yake si nzuri kama ile, hayo huenda zaidi kwenye sabuni. Ua moja, chungu kimoja, na bei nne! Kwetu Tanzania tunayo karafuu. Huko Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, kiko kiwanda cha makonyo, ambamo mafuta hukenekwa katika vikonyo ambavyo mtu mwingine angevitupa. Mafuta hayo huingia katika manukato na katika dawa ya meno pia.

Wako watu wengi, hasa Waislamu, wapendao mafuta ya vichupa vidogo yasiyotiwa spiriti. Ni mazuri, na kwa mawazo yangu ndiyo yafaayo zaidi kwa mwenye fedha kidogo, kwa kuwa tone moja nyuma ya sikio latosha. Kwa kuwa hayana spiriti ya kuyarusha, hutulia mwilini, na aliye karibu nawe ndiye ayasikiaye. Lakini usidhani kwamba kila kichupa ni mafuta matupu. Mara nyingi hutiwa mafuta mengine yasiyo na harufu ili yaongezeke.

Nataka kuyasema ya bwenini pia. Spiriti ni kitu cha kuwaka moto, na yale makopo ya kunyunyiza huwa na gesi iwakayo vile vile. Mtu kujipulizia karibu na pasi ya mkaa au mshumaa ni hatari, hata kama ana haraka ya kuwahi gwaride. Kadhalika tunao wenzetu wenye pumu. Bweni la watu arobaini, kumi wakijipulizia kwa mara moja madirisha yakiwa yamefungwa, mwenye pumu hana pa kukimbilia. Ajipulizie mtu nje, tena kidogo. Na mwenye manukato ya malimau asiyapake usoni kisha akae juani. Baadhi ya mafuta ya jamii hiyo huunguza ngozi na kuacha madoa.

Jinsi ya kuchagua dukani ni hivi. Pulizia kwenye karatasi kwanza, na ukiipenda, kidogo kwenye kifundo cha mkono, wala usisugue. Usijaribu zaidi ya aina tatu kwa siku, maana pua huchoka na kila kitu kitanukia kimoja. Kisha ondoka dukani. Harufu ya dakika ya kwanza ni ile nyepesi, iliyotiwa ili ununue. Itakayokaa na mama yako ni ile ya baada ya saa mbili. Mwenye duka akikuhimiza, mwambie kwa adabu kwamba unakwenda sokoni mara moja na utarudi.