Kwa nini fundi hupima msingi kona kwa kona?

Swali: Mstatili na msambamba vyote vina pande zinazotazamana zilizo sawa. Je, fundi mwenye futi kamba pekee atavitofautishaje?

Jibu: Kwa mishazari, yaani vipimo vya kona hadi kona. Msambamba huwa na mishazari iliyo sawa pale tu pembe zake zote zinapokuwa nyuzi 90. Msingi wa mita 8 kwa 6 ulionyooka hutoa mita 10 kwa kila mshazari, kwa kanuni ya Pythagoras: 64 + 36 = 100. Fundi akipata takriban 10.2 na 9.8, msingi umepinda ingawa pande zake ni sahihi.

Pande nne peke yake haziamui umbo.

Papi nne zilizopigwa msumari mmoja kila kona hulala zikisukumwa, bila papi yoyote kubadilika urefu. Pembetatu haiyumbi hivyo: pande tatu zikijulikana, pembe zake zimeshaamuliwa. Ndiyo maana kenchi za paa hugawanywa kwa pembetatu.

Mwanafunzi naye ananufaika na mishazari. Mshazari mmoja hukata pembenne kuwa pembetatu mbili, kila moja ikiwa na jumla ya nyuzi 180. Hivyo jumla ni 360. Pembe tatu zikiwa 80, 95 na 110, ya nne ni 75.